Cha Kumtandikia

Kabati lilikuwa la maandazi.
Unga ulipopanda bei Somoe aliacha kuuza,
likabaki kioo na harufu ya hiliki.
Humo nikamtia chatu niliyemkuta ghalani,
mnene wa kidole gumba, bado mtoto.

Sasa atalalia nini?

Maganda ya korosho tunayo vilima,
Newala nzima yapo.
Lakini tazama vidole vyangu.
Misimu minne ya kubangua, alama zimefutika;
mashine ya kusajili laini inanikana mchana kweupe.
Mafuta yaliyonila mimi mwenye mikono
yatalihurumia tumbo linalotembelewa?

Fundi Likanga akaleta maranda ya mpingo,
meusi, yamejikunja kama nywele za kichanga.
Nikainamia gunia, nikapiga chafya tatu.
Na huyu hunusa kwa ulimi.
Nikarudisha gunia, na shukrani.

Mchanga mwekundu uko mlangoni, bure.
Nikamtandikia. Akamla panya
pamoja na nusu ya kitanda,
nami usiku kucha, tochi mdomoni,
namsafisha fizi kwa unyoya wa kuku.

Basi magazeti.
Wiki mbili alilalia bei za mnada,
mkia kwenye daraja la kwanza, kichwa kwenye la pili,
hana neno.
Ila alipojivua, gamba likamkwama jichoni,
maana huku juu maji ni ya kununua
na hewa yenyewe ina kiu.

Ndipo Somoe,
asiyemgusa, asiyemtaja,
anayemwita "mpangaji wako,"
alipompa konda wa basi elfu tatu
amletee kiroba cha makumbi ya nazi kutoka Mikindani.
Hakuniambia. Nilikuta kiroba mlangoni.

Tukayakatakata kwa panga.
Tukayaloweka kwenye ndoo yake ya kufulia.
"Kamua," akasema, "mpaka ngumi itoe tone moja.
Likija la pili, ataoza tumbo."
Kajulia wapi? Sikuuliza.
Mtu aliyekanda unga miaka kumi na mmoja
anajua unyevu.

Akajichimbia.
Siku mbili kabati likaonekana tupu,
na Somoe, akipita na beseni,
akapunguza mwendo, mara moja, mara ya pili.

Leo asubuhi kioo kimetoka jasho kwa ndani.
Kwenye kona, kile kikaratasi chake cha zamani,
ANDAZI MOJA SH. 100,
kimeanza kubanduka chenyewe,
polepole, kuanzia pembeni,
kizima.