Anga Inapoishia

Bi Kwamboka ataka mbingu ya buluu
juu ya fleti zake za Kileleshwa.
Julai hii anga ni kifuniko cha sufuria.

Nabofya. Kompyuta yachagua mbingu,
na tangi la maji,
na shuka kwenye kamba,
na fundi juu ya jukwaa:
shati lake jeupe limehesabiwa wingu.

Nakuza picha mara nne. Brashi ndogo.
Narudisha tangi,
narudisha shuka, kibanio kwa kibanio.
Mjakaranda wanitesa: kila jani lina mwanya,
kila mwanya una mbingu yake.

Saa nane usiku namfikia fundi.
Bega. Kiwiko. Ndoo ya rangi.
Simjui jina.
Nampitia ukingoni polepole, pumzi nimeibana,
nisije nikamtikisa
akaanguka.