Mtoto wa Meza

Meza ilianza kufa miguuni.
Fukusi waliingilia mguu wa dirishani,
wakala kimyakimya majira mawili ya baridi,
na asubuhi moja ya Februari, kisiwani Hiiumaa,
Vaike alipotua sufuria ya viazi
meza ikapiga magoti kama ng'ombe.

Hakulia. Aliokota viazi kimoja kimoja,
akavipuliza, akavirudisha sufuriani.

Uso wa meza ukawa mlango wa banda la kuku.
Miguu ikachemsha chai.
Akabaki yeye, mtoto wa meza,
kasha pana la msonobari,
tumboni miaka arobaini ya marehemu Endel:
skrubu zisizo na ndugu, risiti, betri za redio,
funguo tatu za milango isiyokuwapo tena.
Vaike akamimina yote ndooni,
akapima kwa shubiri: nne kwa mbili na nusu.
Akafikiri: mtoto wa mtu hulala hapa.

Mjukuu wake Kertu, mimba ya miezi saba,
alipiga simu kutoka Tartu, ghorofa ya tano.
"Bibi, kitanda tumeshanunua.
Kinajibembeza chenyewe, kwa umeme."
"Vizuri," akasema Vaike, simu begani,
mkono haujaacha msasa.

Rangi ilitoka kwa zamu.
Nyeupe, ya harusi ya binti.
Buluu, iliyobaki walipopaka mizinga ya nyuki.
Kisha kijani, kile cha shamba la ushirika,
ambacho kila nyumba kisiwani ilikuwa nacho
na hakuna aliyewahi kukinunua.

Chini ya kijani, mbao.
Juu ya mbao, penseli,
mwandiko wa Endel, umeinama
kama mtu anayetembea kukabili upepo:
Aksel, mbao 7, kila moja rubo 12. Jumla 86.

Mkono ukasimama.
Akahesabu kwa vidole.
Akahesabu kwa skrubu za ndooni, akizipanga sakafuni.
Themanini na nne.
Akazichanganya, akazipanga upya.
Themanini na nne.

Kumbe.
Kumbe ndiyo maana Aksel alipita uani
miaka thelathini bila salamu,
na Endel akila kiapo juu ya meza hiihii,
akipiga ngumi juu ya ushahidi.

Kipande kile hakukisugua.
Alikipaka nta kwa kidole, taratibu,
kama mtu anayempaka mgonjwa mafuta.

Mbao za pipa la samaki wa chumvi
zilikuwa zimepinda tayari; akazifanya miguu ya kubembea.
Harufu ilikataa kuhama.
Akafumua sweta ya Endel. Uzi ulitoka umejikunja,
ukikumbuka kila kitanzi, kila kiwiko;
akaulowesha, akautundika, akaufunga jiwe
hadi ukasahau.
Ukatoa blanketi. Ukabaki wa soksi.

Akaenda nazo kwa Aksel, theluji magotini.
"Za nini hizi?"
"Mbili. Moja kwa kila rubo."
Mzee alizipindua, akavuta uzi kuona kama utakatika,
akamtazama Vaike muda mrefu.
"Na riba?"

Vaike akaingia ndani. Alitoka usiku.

Kasha likavuka na feri, likapanda ghorofa tano.
Wakalijaza nepi. Kitanda cha umeme kikabembeza.
Vaike hakuuliza. Alikuwa na kuku,
na jirani aliyekuja kila Jumatano kulalamikia chai.

Mwaka wa pili ikaja picha:
Loore, meno manne, amezitupa nepi zote,
amekaa ndani ya kasha na upawa mkononi,
blanketi kichwani.
"Hatoki," ameandika Kertu.
"Ukimtoa anapiga ngumi pembeni,
palepale penye penseli."