Ngozi Inayokutazama

Miaka arobaini na mmoja nimeishika ngozi:
ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo walioteremshwa kutoka milimani.
Naijua kwa kidole gumba, macho nimefumba.
Najua itakatikia wapi kabla haijakatika.

Mjukuu wangu Deysi alimleta ndani ya kikapu cha mkate,
mtoto wa mbwa asiye na manyoya,
rangi ya sukari guru, tukamwita Chancaca,
ndilo jina la sukari hiyo kwetu.
Kishungi kimoja utosini, basi.
Hapa Monsefú bibi zetu waliwalaza mbwa hawa magotini
joto lao lifukuze baridi yabisi.
Nami nina magoti mawili mabovu.
Nikasema, haya, abaki.

Mwezi wa pili vikamtoka vipele,
mgongoni, kwapani, kwenye mikunjo ya shingo.
Alijikuna usiku kucha, kucha zake sakafuni
tik, tik, tik,
saa ya ukutani iliyopotewa na hesabu.

Nikafanya nilichojua. Nikampaka shahamu,
ile ya kulainishia buti za wakata miwa.
Aking'aa kama kiatu cha harusi!
Kesho yake akavimba.

Daktari Llontop hakunifokea; heri angenifokea.
Aliinua sikio la mbwa mbele ya dirisha,
mwanga ukapenya, mishipa yote ikaonekana.
"Don Asunción," akasema, "hii haijafa."

Maji vuguvugu. Sabuni isiyo na manukato.
Kausha kwa kugusagusa, usisugue,
usisahau mikunjo, unyevu hujificha humo.
Kabla ya jua la saa tano, krimu, hata masikioni.
Sufu asivae.
Kuku atoke kwenye bakuli wiki nane, tuone.
"Na analala wapi?"

Nikayatazama makofia ya watu ukutani, mawili.
Analala chini ya meza yangu ya kazi,
juu ya vipande vilivyokunywa rangi na dawa,
penye mvuke wa gundi unaonikohoza hata mimi.

Ngozi huvutwa ingali na maji, ndiyo kazi yangu.
Hii ukiivuta, hukutazama.

Nikamshonea fulana ya pamba ya kahawia,
ile inayoota hivyo hivyo shambani, haijaonja rangi,
aliyoifuma dada yangu Clotilde kabla macho hayajamtoka.
Mishono nikaitoa nje, isimkwaruze.
Majirani wakacheka: fundi kazeeka, ashona kinyumenyume.

Nikamtandikia jikoni.
Usiku akaja mlangoni pa karakana,
akaingiza pua kwenye upenyo wa chini, akahema.
Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu.
Wa nne nikachoka mimi.
Asubuhi nikabeba makopo ya gundi, ndoo za rangi, vipande vyote,
nikavihamishia uani, chini ya bati.
Nikapiga deki mara tatu kwa magoti haya haya.

Sasa nagundisha soli upepo ukinipuliza mchanga.
Bi Puicón alirudisha viatu vyake vya misa:
"Vinakwaruza kama pwani, Don Asunción."
Nikaomba radhi, nikavirudia bure.
Sikumwambia habari ya mbwa.

Hajapona sana. Kiwiko cha kushoto bado chekundu,
na joto la Februari likija vipele hurudi,
vichache, kama wageni waliosahau kofia.
Namwosha, namkausha, natafuta kwa kidole gumba
kile kisichoonekana. Yeye hunisimamia,
mguu mmoja juu, akiniamini kwa wasiwasi.

Jana krimu ilibaki kiganjani.
Nilitaka kuipangusa kwenye aproni.
Nikaitia kwenye nyufa za vidole vyangu,
nyufa nyeusi za gundi, za miaka arobaini na mmoja,
ambazo sikuwahi kuziita ngozi.

Ikachoma kidogo.
Chancaca akainusa mikono yangu, wa kulia, wa kushoto,
akapiga chafya,
akapanda magotini.