Chupa ya Achari

Chumba mia mbili na nne, Kutaisi, saa nne asubuhi:
shuka limejikunja kama mtu aliyenuna,
ganda la chungwa ndani ya kikombe,
na juu ya mto, sarafu yenye tundu katikati.
Nikachungulia. Kwa tundu lile nikauona mto mwingine,
Rioni, mwembamba, wa kijivu,
ukipita chini ya dirisha bila kunilipa.

Wageni huwa na moyo mwepesi siku ya kuondoka.
Hukung'uta mifuko, na kisichonunua hata kiberiti
kule waendako, huwa changu.
Nimeachiwa forinti. Nimeachiwa won.
Nimeachiwa pesa ya nchi iliyobadilisha pesa zake
mwaka aliozaliwa mwanangu Levani.
Mmoja aliacha noti ya dola mbili
na kikaratasi: Hii ni ya bahati, usiitumie.
Usiitumie!
Kana kwamba nilimwomba bahati.
Bili ya gesi haijui kusoma vikaratasi.

Nikaipeleka kwa Shotiko, dirisha la kubadilishia fedha
nyuma ya soko. Akaipindua, akaiinua kwenye taa,
akaninusa mimi badala ya noti.
"Dola mbili haipo, Nanuli. Ipo moja, ipo tano."
"Ipo mkononi mwako."
"Basi ipo hapa tu."
Akanirudishia kwa ncha za vidole.
Sarafu ndizo kabisa hazigusi. Chuma, asema, ni chuma.

Nikawa tajiri wa chupa:
chupa ya achari ya matango, lita tatu,
siki haijatoka hadi leo.
Ile yenye tundu niliishona kwenye koti la Levani
pale kifungo cha tatu kilipodondoka;
shuleni wakamwita Benki.
Nyingine, nene, niliisukumia chini ya mguu wa friji,
friji likaacha kutetemeka.
Tsiuri wa ghorofa ya juu hucheka:
"Wewe una dunia nzima, ila nauli huna."

Sitaki kusema uongo, sikuwachukia.
Wapo walioacha lari ishirini chini ya taa, kimya.
Yupo aliyeacha ndizi. Niliila.

Mwezi wa tatu hoteli ikafungwa kwa matengenezo
yasiyo na tarehe ya kwisha.
Nikapanda basi la Thesaloniki
kwenda kumtunza bibi wa watu, amevunjika nyonga.
Usiku, tumeshaipita Samsuni, basi likasimama.
Mlangoni mwa msala ameketi mwanamke wa rika langu,
kisahani mbele yake, ndoo ubavuni, na mikono,
mikono ile naijua: klorini imekula alama za vidole.
Nikapapasa mfuko. Lira sina.
Nina tetri hamsini.
Nikaiweka kisahanini, namba ikitazama juu,
kana kwamba namba ingenisaidia.

Akaitazama. Akanitazama.
Uso ule nimeuvaa miaka kumi na moja
na sikuwahi kuuona kwa nje.
"Bahshishi," akasema; si swali, si shukrani,
neno pekee tulilokuwa nalo sote wawili.
Kisha akainama, akatoa bati la majani ya chai,
akalitikisa.
Mlio ule!
Ningeutambua hata usingizini.

Dereva akapiga honi. Nikatoa begini
jozi zilizotungwa uzini, zikachovywa maji ya zabibu,
zikakauka, kama tufanyavyo kwetu.
Nikazikata katikati kwa meno, kisu sikuwa nacho.
Nusu yake. Akainusa kwanza, kama Shotiko.
Basi likaondoka. Sijui kama aliila.

Dola mbili bado ninayo, ndani ya pasipoti.
Bibi Evanthia huniuliza ni ya nini.
Namwambia ni ya bahati.
Haamini.
Ijumaa hunilipa kwa yuro,
nami nazihesabu mbele yake, moja moja,
kwa sauti.