Picha ya Saba

Bwana Lyatuu kaleta picha kumi na mbili
zimeviringishwa ndani ya gazeti, bado zinanuka dawa ya studio.
Za ukumbi wa chakula, kasema. Fremu nyeusi, nyembamba,
kioo kisichong'aa. Wageni wameuchoka mlima,
wanauona dirishani, siku ukitaka kuonekana.

Mimi ni fundi fremu hapa Kiboriloni
tangu enzi kioo kikipimwa kwa futi.
Nimeshafunga maharusi, marehemu, vyeti vya ushonaji,
Moyo Mtakatifu, timu ya mtaa iliyoshuka daraja.
Mji uliosalimu amri, sijawahi.

Ni kazi ya marehemu Sajini Ndelilio,
aliyekwenda ng'ambo ya Kagera na bunduki ya serikali
na kamera ya kuazima, akavirudisha vyote viwili,
akabaki na mguu mmoja usiotaka kiatu.
Negativu zililala miaka arobaini kwenye kopo la majani ya chai
uvunguni, Old Moshi. Bintiye, Aikande, kaziuza
kwa bei ya paa: mabati ishirini na misumari yake.

Nazitandaza sakafuni, natembea kwa soksi.
Ya kwanza: barabara tupu, kiatu kimoja cha kike.
Ya tatu: vijana juu ya kifaru, wamejifunga matawi.
Ya tano: ofisi, meza imepinduliwa, na kitini
askari wetu kasinzia mdomo wazi.
Huyo nilimpenda.

Ya saba ndiyo itakayokaa katikati.
Ngazi za jengo kubwa, maofisa wamesimama,
jua limewapiga usoni. Picha nzuri, hakuna ubishi.
"Ila huyu," kasema Bwana Lyatuu,
kidole pembeni kushoto, "mkate. Anaharibu."

Huyu ni mtu mzima, suruali kaifunga kwa tai.
Kashika mti wa ufagio, na juu yake foronya.
Si bendera. Foronya, ina maua kwenye pindo,
mtu aliyadarizi jioni nyingi akihesabu nyuzi.
Kawanyooshea maofisa.
Maofisa wanatazama kamera.

Kwetu, aliyekosa huja na jani la isale.
Hana haja ya maneno mengi. Hupokelewa.
Ukilikataa, bibi alikuwa akisema,
shamba ndilo litakalokujibu.
Sasa foronya hii, mkono umenyooka miaka yote hiyo,
nani aliipokea?

Tisini kwa sitini ni tisini kwa sitini.
Kisu nilikinoa. Rula niliilaza.
Kisha, sijui, labda ni yale maua,
nikamkunja. Nikamkunja nyuma ya kadi, polepole,
kama ukurasa utakaourudia,
nikaenda uani kwa jirani nikachuma isale, moja tu,
nikamlaza nayo kifuani,
nikapigilia hadibodi, nikaziba kwa gundi.

Zimetundikwa. Misumari ni ileile iliyobeba Kibo.
Jumapili palikuwa na sherehe ya kipaimara:
gauni jeupe, kreti za soda,
ndafu kasimama mezani, majani mdomoni,
na ukoo mzima umejipanga kupigwa picha,
maofisa nyuma yao kama wajomba waliochelewa.
Msichana mmoja kauliza, hapa nani alishinda?
Mhudumu anafuta meza:
"Sijui dada. Ni pambo."

Kila baada ya wiki mbili simu inalia.
Fundi, ile ya saba imeegemea kushoto tena.
Nakwenda na pimamaji yangu. Nainyoosha.
Ni malori ya mahindi, nawaambia, yanatikisa ukuta.
Wananipa elfu tano na bakuli la supu.
Naagiza ndimu.
Nakaa meza ya pembeni, upande wa kushoto.