Kijani Mara Tano

Miradi mitano, madaftari matano,
na katika kila daftari, chini kabisa ya ukurasa,
pale jicho linapokuwa limekwisha choka,
mstari mmoja uliopakwa kijani:
"Fundi wa kulehemu ni mmoja. Hatari: ndogo."

Nyamvula kaandika hivyo kwa tangi la Likoni.
Mbwarali kaandika hivyo kwa mtaro wa Majengo.
Wa Changamwe, wa Bamburi, wa vyoo vya skuli kule Tudor,
kila mtu kwa mwandiko wake, na kila mtu kwa haki yake,
maana kwake yeye ni ndogo kweli:
fundi asipokuja leo, atakuja kesho.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa yote mitano.
Usiku ule stima imekatika, Buxton nzima giza,
nikayatandaza sakafuni kwa mwanga wa simu
kama mchuuzi wa mitumba atafutaye kiatu cha pili.
Nikakipata. Jina moja,
mara tano: Mwachiro.

Kesho ya watu watano ni siku moja.
Hilo hapana aliyeliandika.

Asubuhi nikamwendea karakanani kwake, Makupa,
bila kalamu, na mahamri na mbaazi mkononi.
Akanikaribisha kwa macho mekundu yanayovuja.
Miwani yake ya kazi ina ufa katikati,
kaupitishia selotepu.
"Yaona," akasema. "Bado yaona."
Sikujua asema miwani au macho.

Miwani mipya: shilingi mia nane na hamsini.
Nikagawa kwa tano. Mia na sabini.
Hakuna daftari lililokuwa na kasma ya mia na sabini.
Ndogo mno kwa yeyote kuishughulikia,
na yatosha kutulaza sote na kiu.

Wapo walioniambia niipandishe juu,
kwa kamati, kwa wafadhili, niipake nyekundu.
La.
Ukipuliza siwa kwa kila sisimizi
siku ya siafu mji hautaamka.

Nikaiacha na kijani chake. Nikaihamisha tu,
kutoka madaftari matano hadi moja, la kwangu,
lenye jalada la kahawia na duara la kikombe cha chai,
nikaipa na mwenyewe: Nyamvula,
kwa kuwa kila Alhamisi avuka feri kuja mjini.
Apite Makupa. Aulize macho,
atikise mtungi wa gesi, aende zake.

Na yule mwanagenzi, Kadzo, mshika vyuma,
tukamlipa siku tano
achomee mlango wa choo kimoja pale Tudor
huku Mwachiro kakaa juu ya debe, anatazama, anauma ulimi.
Mlango ule umekaa upande kidogo.
Wafungika.

Mbwarali alinipigia simu, sauti juu:
mia na sabini za mtaro zimeingiaje kwenye macho ya mtu?
Nikamwambia njoo uyaone madaftari.
Hakuja. Pesa alileta.

Mwezi wa tano, mvua ikimwagika kama iliyolipwa,
Mwachiro akafiwa na dadake, akaenda Kinango.
Siku kumi na nne.
Bamburi walihitaji koki, wakachomewa.
Likoni mguu wa tangi ulipasuka, ukashonwa siku ile ile.
Hakuna aliyepiga simu kuniuliza fundi yuko wapi,
na mimi, kusema kweli, nilikaa nikiisubiri hiyo simu
kama mtu asubiriye ngurumo baada ya kuona radi.

Ripoti ya mwaka ina safu kumi na moja.
Haina safu ya kisichotokea.
Niliitazama kwa muda, kisha nikaitia sahihi.

Alhamisi Nyamvula kaniandikia kutoka ferini:
"Macho mazima. Gesi nusu.
Kadzo naye ataka miwani yake."

Nikafungua lile la kahawia.
Mia nane na hamsini, gawa kwa tano.