Mluzi

Usiku, bandani, Ubelgiji. Mvua juu ya bati.
Nimeshika kikombe kwenye kijiti kirefu,
nampigia farasi mluzi, taratibu,
maana farasi hukojoa akipigiwa mluzi,
wala hajui kwamba anatoa ushahidi.

Godelieve ananitazama, mikono kwenye aproni.
Miaka sita anamsugua miguu huyu.
Mgongo wake mwenyewe unamkata; ana dawa yake ya kuchua,
ya pilipili, kichupani, mfukoni.
Sikumuuliza. Aliniambia.

Mwaka jana farasi wa Bwana Vercruysse
alikutwa na chembe zilezile.
Wakaja mawakili watatu, na profesa aliyelaumu nyasi;
kesi ikakonda, ikafa.
Kombe lingali kabatini kwake.

Sheria ni msumeno, sawa.
Lakini msumeno una mpini,
na mpini una mkono.

Hatimaye anakojoa. Mvuke.
Nafunga chupa mbili, lakiri nyekundu,
naandika namba, si jina.
Kesho ni zamu ya banda la Bwana:
mluzi uleule, kikombe kilekile kirefu cha subira.
Zaidi ya hapo sina.

Godelieve ananawa mikono, ananawa tena,
ndipo anaomba kalamu.